Mlango wa Kijani wa Mke Asiyekuwepo

Nchi ninayoisimulia haipo popote, kwa hiyo naomba asiwepo mtu wa kukasirika. Ukisoma ukaona kama unaifahamu, hayo ni macho yako, na macho ya mtu ni mali yake mwenyewe. Jambo jingine: mimi sina wivu. Nalisema mapema kwa sababu watu wa mtaani kwetu wana midomo, na wameshaeneza kwamba Mize binti Khatibu aliharibikiwa kwa wivu. Uongo mtupu. Niliharibikiwa kwa utaratibu.

Katika nchi hiyo kila mwanamume ana kasha lake ndani ya Mfumo. Mfumo ni ile kompyuta kubwa ya serikali iliyo chini ya jengo la Wizara ya Makasha, inayopulizwa viyoyozi mchana kutwa wakati wodi ya wazazi haina hata feni. Ndani ya kasha la mwanamume mna makasha madogo: Kazi, Nyumba, Familia. Ukifungua Familia unakuta kasha la Mke, na humo ndimo alimo mke mzima: jina lake, sura yake, ufunguo wake wa nyumba, ajira yake, mgawo wake wa sukari. Wanawake hatuna makasha yetu wenyewe. Tunakaa ndani ya la baba, tukiolewa tunahamishiwa ndani ya la mume, na tunaambiwa tushukuru kwa sababu ndani kuna kivuli.

Anayetaka kubadilisha kitu lazima ataje njia, kutoka nje kwenda ndani. Fungua Feruzi, fungua Familia, fungua Mke, kwenye Jina andika Mize. Feruzi ni mume wangu, na hapo ndipo nilipokuwa nakaa mimi.

Kazi yangu ilikuwa Mkataaji Mkuu wa Wizara. Nilisoma maombi ya mabadiliko, na nikiona mtu anataka kubadilisha kitu kilicho ndani ya kitu asichokuwa nacho, nilibonyeza HAPANA. Mtu hana ng'ombe, anaomba kubadilisha jina la ndama wa ng'ombe wake: HAPANA. Mwingine anataka kutia chumba cha wageni ndani ya umri wake. Bwana, umri ni namba, namba haina ndani: HAPANA. Watu waliondoka dirishani kwangu wakinung'unika, lakini data ya nchi ilikuwa safi, ungeweza kulia chakula juu yake.

*

Siku moja likaja ombi. Fungua Nchi, fungua Kaskazini, fungua Mto, fungua Daraja, kwenye Jina andika jina la Mtukufu Mlezi wa Nchi. Nikatazama. Kaskazini ipo, mto upo, daraja hakuna. Liliahidiwa kabla sijavunja ungo, na saruji yake imeshakuwa nyumba za watu. Nikabonyeza HAPANA nikaenda kunywa chai.

Sikujua kwamba ombi limetoka Ikulu, na kwamba daraja ndilo zawadi ya Mtukufu Mlezi ya siku ya kuzaliwa.

Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Sifuni, aliitisha mkutano uwanja wa mpira. Alisema serikali inayomwambia mwananchi hapana ni mabaki ya ukoloni. Alisema hapana ni neno la wavivu, na kwamba yeye binafsi hajalitamka tangu ateuliwe. Kuanzia siku ile Mfumo haukatai kitu. Kama njia inapita kwenye kasha lisilokuwepo, Mfumo utaliunda kasha hilo papo hapo, na kamati itatafuta cha kulijaza, maana kasha tupu ni aibu ya taifa. Na kama jambo lenyewe haliwezekani kabisa, basi Mfumo useme, "Imefanikiwa, asante mwananchi," usifanye chochote, ili mtu arudi kwake na furaha. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Daraja likaundwa ndani ya Mfumo jioni ileile, na baadaye mawaziri wakaenda kulizindua. Walivua viatu, wakakunja suruali, wakavuka huku maji yakiwafika kifuani. Profesa Sifuni, ambaye ni mfupi, yalimfika kidevuni, na alivuka akiwa ameinua uso juu akisifu uimara wa nguzo. Naibu waziri wa uvuvi alichukuliwa na maji. Tangazo la msiba lilisema ameteleza akaanguka kutoka darajani, na wale waliokuwa bado na shaka kuhusu daraja wakaona aibu.

Kitufe changu cha HAPANA kilipelekwa makumbusho. Kibibi, aliyekuwa akikaa meza ya pembeni yangu, yule anayejitia marashi mpaka faili zinanukia, akapandishwa kuwa Mkubaliaji Mkuu na kupewa kiti cha kuzunguka. Mimi nikapewa kazi ya kumpelekea maombi. Sikuona gere hata kidogo. Kiti cha kuzunguka kinaharibu mgongo, kila mtu anajua. Nilikuwa namtazama tu anavyozunguka.

*

Sasa Feruzi. Feruzi ni fundi rangi, mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Tulijuana akipaka ukuta wa jirani yetu. Ukuta ulikwisha, akaupaka tena, ukakauka, akaupaka tena, mpaka jirani akamuuliza kama anapaka rangi au anatafuta mke. Mwanamume yule ni wangu, nimempata kwa halali, na sijawahi kumgawa hata kwa mawazo.

Katika nchi ile ukibadilisha rangi ya kitu lazima uiarifu serikali. Feruzi alipata kazi ya kupaka mlango wa mke wa pili wa mfanyabiashara mmoja wa nafaka. Akaupaka kijani, akapeleka taarifa. Huko kwenye dirisha la mapokezi karani akajichanganya: mahali pa mwenye nyumba akaweka fundi. Basi ombi likapanda juu hivi: Fungua Feruzi, fungua Familia, fungua Mke wa Pili, fungua Nyumba, fungua Mlango, kwenye Rangi andika kijani.

Feruzi hana mke wa pili. Zama zangu ombi lile lingekufa mezani pangu na mtu asingelilia. Lakini siku ile nilikuwa nimetumwa chai ya ofisi, na lilipita moja kwa moja kwa Kibibi. Kibibi akazunguka na kiti chake, akabonyeza NDIYO. Mfumo ukafungua kasha la mume wangu, ukatafuta Mke wa Pili, haukumkuta, ukamuunda. Hakuwa na jina wala uso. Alikuwa na nyumba isiyojengwa, yenye mlango wa kijani.

Nililijua jambo hilo kwa wanawake wa mtaani. Walikuja wamejitanda kanga, nyuso zimekunjwa za pole, na wengine nyuma wanachekea puani. Nikawafukuza. Feruzi aliporudi akaapa kwa kila kinachoapiwa kwamba ni kosa la karani. Nilimwamini. Ombi nilishalitafuta na kulisoma mwenyewe, njia nzima, na nilijua kosa lilipoingia.

Lakini nikamuuliza: mlango umeupaka au hukuupaka? Akasema ameupaka. Basi.

Maana jamani, mlango wetu wa nyumbani umechubuka tangu tuoane. Kila mwaka ananiambia kesho. Mke wa fundi rangi, mlango kama mgongo wa punda wa kubeba chokaa, na mwingine huko, ambaye hata hajazaliwa, wa kwake unang'aa.

*

Wizara ya Majengo ilikwenda kutimiza wajibu wake. Kwa kuwa Mfumo ulitaja mlango tu, walisimamisha mlango peke yake katikati ya kiwanja kitupu, wakamwita Feruzi aupake kijani, wakaweka askari wa kuulinda. Kisha Idara ya Zamu ikatoa amri kwamba mume wa wake wawili agawe jioni zake sawasawa. Feruzi anaogopa serikali kuliko radi. Akachukua kigoda, jioni moja akawa kwangu, jioni moja akawa amekaa mbele ya ule mlango na yule askari, hadi muda wa zamu utimie.

Nilikwenda kuuona. Kijani kizuri, hakuna mchirizi hata mmoja, hakuna unywele wa brashi, pembe zote zimejazwa. Huo ni mkono wa mtu aliyetulia, aliyekuwa anawaza kitu kizuri. Mgawo wa sukari wa mke wa pili ulikuwa umerundikwa nyuma ya mlango, hauna mwenyewe. Nikasimama pale. Wake wenza wa watu nimewaona, wana majina, wana sura, unaweza kukutana na mmoja kisimani ukamkata jicho. Huyu wangu nitamkata jicho wapi?

Nikaamua kumpunguza kwa njia za kiserikali. Kibibi alipokwenda chai nilikaa kwenye kile kiti chake nikaandika: fungua Feruzi, fungua Familia, fungua Mke wa Pili, fungua Tabia, kwenye Uvivu andika mwingi. Mfumo haukumkuta na tabia, ukamuundia kasha la Tabia. Kamati ya kujaza ikalitazama, ikaona kasha zima lina uvivu peke yake, ikaona nchi itachekwa. Wakaongeza upole. Wakaongeza usafi, na kuamka mapema, na kutojibizana na wakwe.

Habari ikamfikia mama mkwe wangu, naye akaanza kunitolea mfano. Mwenzio, alisema, hajibizani.

Nikajaribu tena: fungua Sura, kwenye Kovu andika kubwa. Mfumo ukamuundia sura, kamati ikaitisha wachoraji, wakamtia macho makubwa na shingo ya pingili, na kovu wakaliweka mahali ambapo kila mwanamume aliyesikia alitamani kuliona. Nikaandika kwenye Jina: Balaa. Kamati ikasema jina hilo si la kizalendo, ikamwita Raha.

Kila nilichoandika kumpunguza kilimuongeza. Nilipoanza alikuwa mlango tu. Nilipochoka alikuwa mwanamke anayesifiwa mji mzima, na Wizara ya Majengo, kwa heshima ya tabia yake, ilikuwa imejenga nyumba kuuzunguka ule mlango, yenye marumaru na baraza.

*

Kilichonimaliza kilikuwa kitu kidogo. Tulikuwa tunakula, joto limetukaba, na Feruzi, ambaye hasemi kitu, akapangusa shingo yake akasema, "Kule barazani kuna upepo."

Asubuhi nilikwenda ofisini nikapita moja kwa moja hadi mezani kwa Kibibi, nikamwinua kwenye kiti. Nikaandika: fungua Feruzi, fungua Familia, kwenye Mke andika MIMI. Nilitaka ijulikane. Nilitaka Mfumo wenyewe, na waziri wake, na wachoraji wake, wajue mke wa Feruzi ni nani.

Kibibi alisoma juu ya bega langu. "Shoga," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitabasamu, "hapo pana kasha zima, wewe unaweka neno. Neno likiingia, kasha linatoka na vilivyomo vyote. Wewe si ndiye uliyekuwa ukiwakatalia watu jambo hili?"

Alisema kweli. Ombi kama hilo zamani nililikataa nikiwa nimefumba macho. Lakini nikamtazama, na marashi yake, na kiti chake, nikajiambia huyu anataka nisiandike kwa sababu anayo yake. Nikabonyeza NDIYO.

"Imefanikiwa," ukasema Mfumo. "Asante, mwananchi."

Nilipotoka kwenda msalani, mlango wa ofisi ulikataa kunifungulia kurudi. Mlinzi ambaye tumesalimiana miaka na miaka akatazama kioo chake, akaniambia hapa hapana mfanyakazi wa jina hilo, mama, na mama mwenyewe humu hayumo. Nyumbani ufunguo haukuzunguka. Dukani mgawo wangu wa sukari ulikuwa umefutika. Jina, sura, nyumba, ajira, vyote vilikuwa ndani ya lile kasha, na kasha lilikuwa limekwenda na maji. Mahali pake palikaa neno moja.

Nikaenda dirisha la mapokezi kama raia wa kawaida, nikaomba: fungua Feruzi, fungua Familia, fungua Mke, kwenye Jina andika Mize. Lakini Mke sasa ni neno, na neno halina ndani. Enzi zangu ningejibiwa HAPANA, ningejua niko wapi, ningetafuta njia nyingine. Mfumo ukanijibu kwa adabu kwamba imefanikiwa, asante mwananchi. Nikaenda nyumbani, ufunguo bado umegoma. Nikarudi, nikaomba tena, ikafanikiwa tena. Ilifanikiwa kila siku. Sijawahi kufanikiwa maishani kama siku zile, na nilikuwa nalala nje, kwenye mkeka uani kwa dada yangu, kwa sababu raia asiye ndani ya kasha haruhusiwi kulala chini ya paa la mwenye kasha.

*

Profesa Sifuni alinipokea, maana naye hakatai kitu. Alinikaribisha kiti, akafungua Mfumo mwenyewe, akatabasamu.

"Mama, mbona umo? Nakuona hapa. MIMI."

"Mheshimiwa, hilo ni neno tu."

"Ni neno zito. Wake wengi wa nchi hii wana sukari na chumba, lakini ni nani kati yao ambaye serikali inamwita MIMI?"

Nikamwomba anirudishie jina langu na nyumba yangu. Akasema kurudisha ni kukiri kwamba kuna kitu kilipotea, na ndani ya Mfumo hakijawahi kupotea kitu. Akazungumza muda mrefu kuhusu daraja. Kisha akainama, akashusha sauti kama mjomba.

"Ila ipo nafasi, mama. Mke wa Pili wa Ndugu Feruzi. Nyumba imekwisha, tabia imekwisha, sukari imejaa. Inakosekana mwanamke wa kuingia ndani. Tumetangaza, na wameomba wengi. Hata kutoka humu wizarani."

Sikuuliza ni nani kutoka humu wizarani. Harufu ya marashi ilikuwa bado pale kwenye kiti nilichokalia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Feruzi ananiponyoka kweli. Kumchukia mke asiyekuwepo nilikwishazoea. Sasa alikuwa anakuja mwingine mwenye miguu. Nikasema naomba mimi. Nikaomba nafasi ya kuwa mke wa pili wa mume wangu.

Sheria ikataka idhini ya mke wa kwanza. Wakafungua Feruzi, wakafungua Familia, wakafungua Mke, kwenye Idhini wakaandika ndiyo. Mfumo ukasema imefanikiwa, asante mwananchi. Kibibi mwenyewe ndiye aliyebonyeza, na alibonyeza kwa kidole cha hasira, nami nikafurahi, Mungu anisamehe.

Tukafunga ndoa ofisini. Feruzi alivaa shati lake la Idi, akashika mkono wangu kwa woga kama anayeshika waya wa umeme. Profesa Sifuni alitoa nasaha. Aliniambia, "Bi Raha, mheshimu mkubwa wako." Kwa sheria jina langu sasa ni Raha, naamka mapema, na sijibizani na wakwe. Mama mkwe ananipenda sana. Anasema yule wa kwanza alikuwa na kidomo.

Nikadhani yameisha. Nina nyumba, nina sukari, nina baraza yenye upepo, na mume wangu ni wangu. Lakini Idara ya Zamu haisahau mtu. Feruzi ana wake wawili, kwa hiyo jioni moja yuko kwangu, na jioni moja anakwenda kule nyumbani kwa zamani, kwa mke wake mkubwa. Nimemwambia kule hakuna mtu. Anasema anajua, lakini sheria ni sheria. Anachukua ufunguo anakwenda. Hukaa kule peke yake hadi muda utimie, na akirudi amefunguka uso, mara nyingine anapiga mluzi. Siku moja niliona rangi mbichi kwenye kucha zake. Nikamuuliza anapaka nini. Akasema ule mlango wa kule ulikuwa umechubuka sana, na aliahidi.

Nikajizuia wiki nzima, kwa sababu mimi sijibizani, imeandikwa. Jana nikashindwa. Nikamwekea chai, nikakaa mbele yake, nikamwambia anitazame usoni aniambie kweli: mimi na yule, anampenda nani zaidi?

Feruzi akazungusha kikombe.

"Usinilazimishe, Raha," akasema. "Wewe nimepewa na serikali, na sina lalamiko. Lakini Mize nilimuoa kwa kupenda."

Akanywa chai yake, akachukua ufunguo, akaenda zamu. Nikabaki pale barazani na upepo wangu, namchukia yule Mize kwa moyo wangu wote.